Kutoka Kitandani Hadi Mlimani

Historia ya milima tuliyofundishwa shuleni inamhesabu aliyefika wa kwanza. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, nasi tukaikariri hiyo tarehe kwa ajili ya mtihani, basi. Leo, msomaji mwenzangu, naomba tuwatazame wapandaji wa aina nyingine: watu waliobeba mizigo yao mgongoni wakiwa wametoka wodi ya kansa. Hao walibadili jibu la swali zito kuliko la nani kafika wa kwanza. Swali lenyewe ni hili: mtu akishatibiwa kansa, afanye nini na mwili uliobaki?

Jibu la zamani lilikuwa fupi: apumzike. Wala si kwamba madaktari walikuwa na roho mbaya. Waliopona walikuwa wachache mno, na hao wachache walitunzwa kama yai. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika. Katika miaka ya 1960 ikaonekana kwamba dawa zinaweza kuwaponya baadhi ya watoto hao, na mwaka 1967 Uganda ikaanzisha taasisi yake ya kansa. Miaka hiyohiyo, huko Marekani, madaktari walichanganya dawa nne dhidi ya ugonjwa wa Hodgkin, ambao ni kansa ya tezi. Wagonjwa waliokwisha kuagwa wakaanza kurudi majumbani. Kumbe kupona nako kuna maswali yake! Mtu ana miaka ishirini, kapona, na maisha yote bado yako mbele yake.

Wa kwanza kulijibu swali hilo kwa sauti ambayo dunia nzima iliisikia alikuwa kijana wa rika letu. Terry Fox wa Kanada alikatwa mguu wa kulia mwaka 1977 kwa sababu ya kansa ya mfupa. Aprili 1980 alianza kuivuka nchi yake kwa mguu wa bandia, karibu kilomita 42 kila siku, akichangisha fedha za utafiti. Alikwenda siku 143 na kilomita 5,373, hadi kansa ilipomrudia mapafuni. Alifariki Juni 1981, akiwa na miaka 22. Hakumaliza safari. Lakini tangu hapo, nani angethubutu kusema kwamba mgonjwa wa kansa ni mtu wa kulala tu?

Kutoka barabarani tuingie milimani. Laura Evans, Mmarekani mpenda milima, aliugua kansa ya matiti. Baada ya matibabu makali alijizoeza upya, hatua kwa hatua, mpaka akapanda Kilimanjaro yetu hii. Mwaka 1995 akaongoza wanawake 17, wote waliowahi kuugua kansa hiyo, kwenda Aconcagua, mlima wa Argentina wenye urefu wa zaidi ya mita 6,900. Kinachonivutia ni jinsi walivyojipanga: kundi moja lilielekea kileleni, jingine lilitembea kwenye njia za chini. Msafara ulikuwa wa wote 17, aliyefika juu na asiyefika. Evans mwenyewe alifariki mwaka 2000. Kwa hiyo tusidanganyane, mlima si dawa ya kansa.

Wakati huo bado wanawake waliotolewa tezi za kwapani walikuwa wakionywa wasibebe mizigo wala kutumia mkono kwa nguvu, ati utavimba. Shanta lenye mikanda ya kubana bega lilikuwa mwiko kabisa. Mwaka 1996, huko Vancouver, daktari Don McKenzie aliamua kulipima onyo hilo. Aliwachukua wanawake 24 waliotibiwa kansa ya matiti, akawazoesha polepole, kisha wakapiga makasia katika mashua ndefu za mashindano. Hakuna aliyepata uvimbe mpya wa mkono. Mwaka 2010 jopo la wataalamu wa tiba ya michezo huko Marekani likatamka wazi kwamba mazoezi ni salama wakati wa matibabu ya kansa na baada yake, na kwamba mgonjwa aepuke kukaa bure. Tazama mfuatano huo: wagonjwa walitangulia njiani, maandishi ya wataalamu yakafuata nyuma.

Mimi ninayeandika haya nilitibiwa Hodgkin nikiwa na miaka ishirini na moja. Miezi sita ya dripu. Kabla ya hapo nilikuwa skauti, na milima ya Uluguru niliijua kama uani kwetu. Nilipomwambia mama kwamba nataka kupanda tena, alinitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, Mungu kakuponya. Sasa milima ya nini?"

"Mama, nitakwenda taratibu."

"Taratibu si ndiyo hapa nyumbani?"

Sikumlaumu. Yeye ndiye aliyeshika beseni nilipokuwa natapika. Isitoshe, hofu yake ina ukweli ndani yake. Dawa moja ya Hodgkin, bleomisini, inaweza kuacha makovu kwenye mapafu. Nyingine, doksorubisini, inaweza kudhoofisha moyo, pengine miaka mingi baadaye. Ndiyo maana nilipimwa kwanza vyote viwili, daktari akaniruhusu, nikaanza na shanta tupu kuzunguka mtaa. Wiki baada ya wiki niliongeza kitu: chupa ya maji, blanketi, sufuria. Hatimaye nilifika Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani juu ya mji wa Morogoro. Njiani nilipishana na akina mama wa Kiluguru wakishusha mboga sokoni, mizigo kichwani, wakinipita kama upepo. Mmoja akaniuliza, "Baba, unaumwa?" Nikamjibu, "Niliumwa." Lile "li" lilikuwa tamu mdomoni kuliko chai.

Wako waliofika juu zaidi. Sean Swarner wa Marekani aliugua kansa mbili tofauti akiwa bado kijana, na mionzi ikaliharibu pafu lake moja. Mei 2002 alisimama kwenye kilele cha Everest, na mwaka uliofuata akapanda Kilimanjaro. Habari yake inatia moyo, lakini isigeuzwe fimbo ya kumchapia mgonjwa anayeishia mlangoni. Kwa aliyelala miezi sita, kufika mlangoni nako ni safari.

Nawageukia sasa waandishi chipukizi wenzangu. Hebu wahesabuni wagonjwa wa kansa katika hadithi zetu. Wanaingia ukurasa wa tatu wamekonda, wanakufa ukurasa wa mwisho ili mchumba apate kulia. Wapo wanaokufa kweli, nimewaona vitanda vya jirani, na sitawasahau. Ila mimi naandika riwaya ambayo mhusika anapona sura ya pili. Kuanzia hapo ana deni dukani, ana mchumba anayesitasita, nywele zinamwota upya, na kila siku ya kipimo inamnyima usingizi. Tena Jumamosi alfajiri anafunga kamba za viatu, huku mama yake anamtilia viazi kwenye shanta, kimya, bado hajakubali.