Mlango wa Kutambaa

Wanaousifu mgahawa mdogo wa Kijapani, ule wa viti vinane au kumi, husifu kwanza utulivu wake: ubao mmoja mrefu usio na kitambaa, ua moja ukutani, mpishi anayemkabili mgeni na kumpa chakula kidogo kidogo kwa zamu. Huo, wanasema, ni ukarimu mtupu, mbali na siasa. Mimi siafiki. Usanifu huo ulikomaa katikati ya siasa za karne ya 16, na bwana aliyeupa sura aliamriwa kufa na mtawala aliyekuwa akimwandalia chai.

Bwana huyo ni Sen no Rikyu, aliyezaliwa mwaka 1522 katika familia ya wafanyabiashara wa mji wa bandari wa Sakai. Hakuwa mpishi, alikuwa bingwa wa hafla ya chai. Chumba kinachonasibishwa naye, Taian, kingalipo Yamazaki, karibu na Kyoto. Sakafu ya wageni na mwenyeji ni mikeka miwili tu ya tatami, yaani chini ya meta nne za mraba, na kuta zake ni za udongo uliochanganywa na majani makavu. Katika vyumba vya aina hii mgeni hupita kwanza njia ya bustani, hunawa kwenye jiwe lililowekwa chini makusudi ili ainame, kisha huingia kwa kutambaa kupitia mlango usiofika meta moja kwa kimo. Upanga aliuacha nje. Ndugu msomaji, zingatia kwamba katika nchi ile, wakati ule, upanga ndio uliokuwa cheo. Ndani, jemadari na mfanyabiashara walikaa goti kwa goti, wakanywa kutoka bakuli moja, na mwenyeji akawahudumia kwa mikono yake mwenyewe. Kabla ya chai walikula wali, supu ya miso na vitoweo vichache. Mlo huo ndio chimbuko la kaiseki, ambayo leo huhesabiwa miongoni mwa milo ya gharama kubwa kabisa nchini Japani.

Mtawala aliyemwajiri Rikyu alikuwa Toyotomi Hideyoshi, mtu wa asili ya chini aliyepanda kwa vita. Mwaka 1586 aliingiza katika kasri la mfalme chumba cha chai kilichofunikwa kwa dhahabu, kinachofungwa na kufunguliwa kama hema. Mwaka 1587 alitangaza hafla kubwa huko Kitano na kumwalika kila mtu, hata maskini mwenye birika na bakuli tu. Ilipangwa kudumu siku 10. Ikafungwa baada ya siku moja. Mwaka uliofuata akaamuru wakulima wanyang'anywe silaha. Mwaka 1591 akatoa amri ya kuwazuia askari kugeuka raia wa mjini na wakulima kuacha mashamba wakafanye biashara. Ni mwaka huohuo alipomwamuru Rikyu ajiue. Wanahistoria hawajakubaliana kuhusu sababu, lakini inayotajwa sana ni sanamu ya Rikyu iliyowekwa ghorofani katika lango la hekalu la Daitokuji, ambapo wakubwa walipita chini yake. Kuinama mlangoni kwa hiari ya mtawala kulivumilika. Kupita chini ya miguu ya mfanyabiashara, hapana.

Naliona hapa jambo ambalo wanafunzi wangu hulipuuza wanapozungumzia usawa: ndani ya chumba ulikuwapo, lakini orodha ya walioalikwa iliandikwa nje.

Kaunta ya leo ina ukoo mwingine pia. Sushi ya Edo iliuzwa vibandani barabarani, ikiliwa kwa haraka na watu wa kawaida. Na mwanzoni mwa karne ya 20, Osaka ilieneza mtindo wa mpishi kupika mbele ya wateja wake. Nasaba hizo zilipokutana na adabu ya chai, kibanda cha mtaani kikawa chumba cha wachache. Huko Kyoto ipo desturi ya kumkataa mgeni asiyeletwa na mteja wa zamani. Watetezi wake husema kwamba aliyemleta mgeni ndiye mdhamini wa deni na tabia yake. Hoja hiyo ina uzito, ila mtumishi wa umma yeyote anajua jinsi udhamini wa namna hiyo unavyoweza kuzaa upendeleo.

Mwezi Aprili 2014 Waziri Mkuu Shinzo Abe alimpeleka Rais Barack Obama kwenye Sukiyabashi Jiro, mgahawa wa viti 10 ulio chini ya jengo huko Ginza, Tokyo, wakati nchi zao zikivutana juu ya mkataba wa biashara. Miaka mitano baadaye, Michelin iliuondoa mgahawa huo katika orodha yake, baada ya kuupa nyota tatu mwaka hadi mwaka. Haikusema kwamba samaki wameharibika au mpishi amezeeka. Ilieleza tu kwamba mgahawa haupokei tena maombi ya nafasi kutoka kwa umma.