Eastlands hawapigi kura? Tuanze na historia ya mchujo

Uzi wa leo ni kuhusu ile kauli inayorudi kila msimu wa siasa: "Watu wa Nairobi, hasa Eastlands, ni kelele tu, siku ya kura hawaonekani. Angalieni Kisumu." Kuna takwimu nyuma yake, si uongo mtupu. Shida ni vile inatumika, na hasa inapobebwa hadi kwenye kura za mchujo za vyama. (Majina ya wanasiasa na vyama sitataji, mnajua kanuni ya hapa.)

Takwimu zenyewe ni hizi. Agosti 2022, kitaifa walipiga kura kama asilimia 65 ya waliojiandikisha. Nairobi ilikuwa karibu 56, Mombasa karibu 44, Kisumu ikapita 70. Ukiziweka kwenye picha moja na kuirusha WhatsApp, watu wanaona kesi imeisha.

Haijaisha. "Kisumu" kwenye hizo hesabu si jiji, ni kaunti nzima: Nyando, Muhoroni, Seme, Nyakach, mashamba ya miwa na vijiji vya samaki vyote ndani. Nairobi ina maeneo bunge 17 na yote ni mjini. Kwa hivyo hapo hulinganishi jiji na jiji. Unalinganisha mtu wa ploti Kayole na mtu anayepiga kura shule ya msingi aliyosomea, jirani na boma la babake.

Na Mombasa 2022 ilikuwa na lake. Siku moja tu kabla ya kura, uchaguzi wa gavana uliahirishwa kwa sababu karatasi zilikuwa zimechanganywa, ukafanyika Agosti 29. Sisemi hiyo pekee ndiyo ilileta 44, Pwani imekuwa chini kwa miaka. Lakini ukikata debe ambalo watu walikuwa wanalingojea zaidi, usishangae foleni ikipungua.

Pia wale wale wa Kisumu wanaosifiwa: Agosti 8, 2017 walijitokeza kwa wingi. Oktoba 26 mwaka huo huo, baada ya Mahakama ya Juu kufuta matokeo ya urais, kura haikufanyika kabisa huko. Ni wiki 11 tu. Tabia ya watu haibadiliki kwa wiki 11. Kilichobadilika ni imani yao kwa zoezi lenyewe. Kitaifa nako kulishuka, kutoka karibu asilimia 80 hadi chini ya 40.

Sasa turudi mtaani. Mpangaji wa Eastlands anahama. Leo Umoja, mwaka ujao Kayole, kodi ikipanda anasogea Utawala au anavuka hadi Mlolongo (mji wa Mlolongo, ule mlolongo mwingine tunaufikia sasa hivi). Jina lake linabaki kwenye shule ya msingi aliyojiandikishia akiwa Umoja. Kuhamisha kituo kuna muda wake, na muda ukifungwa umefungwa. Kwa daftari huyo ni mtu aliyekataa kupiga kura. Kwa maisha yake ni mtu aliye mbali na kituo, pengine kwenye kibarua cha kulipwa kwa siku. Wanaoona aibu ya asilimia 56 waulize kwanza daftari linapima nini. Ukaguzi wa daftari mwaka huo wa 2022 ulikuta hata majina ya marehemu zaidi ya laki mbili, na marehemu naye anahesabiwa kama mtu ambaye hakujitokeza.

Hiyo ni kura kuu. Mchujo ndio mambo yenyewe, kwa sababu mahali ambapo chama kimoja kina nguvu, ukishinda mchujo umeshinda kiti. Agosti ni kupiga muhuri.

Na kuna wakati hii haikuwa lugha ya mafumbo. Chama cha upinzani kilipopigwa marufuku Oktoba 1969, uchaguzi wa Desemba mwaka huo ulikuwa mchujo wa chama kimoja: aliyeshinda alikuwa mbunge tayari. Mwaka 1982 Katiba ikabadilishwa, chama kimoja kikawa sheria. Kizazi kizima cha Makadara, Kamukunji na Bahati kilijua kura kwa namna hiyo tu.

Halafu ikaja 1988. Chama kilikuwa kimepitisha mwaka 1986 kwamba kura ya siri iondolewe kwenye mchujo, wanachama wapange foleni nyuma ya wakala wa mgombea. Wananchi wakaiita mlolongo. Baraza la makanisa lilipinga tangu mwanzo: mchungaji atapangaje foleni mbele ya waumini wa pande zote? Mchujo ukafanyika Februari 1988, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 akahesabiwa amepita bila kupingwa, hakuna kura ya siri tena Machi.

Hebu fikiria foleni hiyo ukiwa Kaloleni, Jericho au Maringo. Nyumba unayolala ni ya jiji. Jiji lenyewe tangu 1983 halikuwa na madiwani wa kuchaguliwa, liliendeshwa na tume iliyoteuliwa na serikali. Kwa maneno mengine, landilodi wako anakuona umesimama nyuma ya nani. Pengine mwajiri pia, maana wengi walikaa nyumba za reli na za jiji kwa sababu ya kazi. Kwa maoni yangu kubaki nyumbani siku hiyo haikuwa uvivu. Ilikuwa kura ya pekee ya siri iliyobaki.

Na idadi? Foleni haiachi karatasi. Watu wakishatawanyika hakuna cha kuhesabu upya, ndiyo maana malalamiko ya mstari mfupi kutangazwa mrefu hayakuweza kuthibitishwa wala kukanushwa. Chama chenyewe kiliachana na mfumo huo 1990, na mwaka uliofuata vyama vingi vikarudi.

Leo foleni hatuna, lakini tatizo la hesabu bado tunalo. Ili useme asilimia ngapi walijitokeza kwenye mchujo lazima ujue waliostahili ni wangapi. Orodha ya wanachama inafaa kuwa kwa msajili wa vyama, lakini siku yenyewe unaweza kukuta chama kinatumia daftari la wapiga kura wote, au kitambulisho tu. Na tangu marekebisho ya sheria ya vyama ya Januari 2022, chama kinaweza kuchuja kupitia wajumbe, bila wewe kuitwa kabisa. Hapo mtu akikuambia "Embakasi walilala siku ya mchujo", muulize: mchujo wa watu au wa wajumbe? Wajumbe wenyewe walichaguliwa lini, ukumbi gani?

Kura kuu ijayo ni Agosti 10, 2027. Mchujo utakuja miezi kabla yake. Kama umehama ploti tangu 2022, angalia kwanza jina lako liko shule gani.