Ukinzani wa Pamba dhidi ya Minyoo Fundo: Historia ya Mbegu Iliyochelewa Kufika Shambani

Utangulizi

Minyoo fundo (Meloidogyne incognita) hawaonekani kwa macho. Mkulima huona matokeo yao tu: pamba iliyodumaa, majani yanayosinyaa mchana ilhali udongo una unyevu na, mmea ukishang'olewa, mizizi iliyojaa vinundu. Kwa kuwa adui huyu hukaa ardhini, historia yake kwa muda mrefu imefunikwa na historia ya magonjwa mengine. Makala haya yanachunguza namna ukinzani dhidi ya minyoo hao ulivyotafutwa kusini mwa Marekani, na kuuliza kwa nini pamba yenye ukinzani mkubwa, iliyotangazwa mwaka 1974, ilikaa takriban miaka 40 kabla jeni zake hazijaenea katika mbegu za biashara. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa uzalishaji wa mbegu ulikuwa sababu moja tu. Sababu nyingine ilikuwa dawa za udongo, ambazo ziliiondolea kazi hiyo uharaka wake.

Minyoo katika kivuli cha mnyauko

Mwaka 1892, George F. Atkinson, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Alabama, alieleza mnyauko wa pamba unaosababishwa na kuvu wa Fusarium. Alibaini pia kwamba ugonjwa huo ulizidi makali pale mizizi iliposhambuliwa na minyoo fundo. Hata hivyo, juhudi zilizofuata zilielekezwa kwenye mnyauko. Mkulima Elias Rivers wa James Island, South Carolina, alichagua mbegu kutoka katika pamba iliyosalimika kwenye shamba lililonyauka, na W. A. Orton wa Wizara ya Kilimo ya Marekani akaufanya uchaguzi wa namna hiyo kuwa mbinu ya kitaalamu. Mwaka 1902, Webber na Orton waliripoti kunde aina ya Iron, iliyokinza mnyauko pamoja na minyoo. Kwa hiyo wazo la zao linalojikinga dhidi ya minyoo lilikuwepo mapema, lakini katika pamba lilibaki nyuma ya lile la kukinza kuvu.

Mafanikio na kuchelewa kwake

Badiliko kubwa lilitokea Auburn, Alabama. Raymond Shepherd alichavusha Clevewilt 6 na pamba ya asili ya Mexico iitwayo Wild Mexico Jack Jones. Wazazi wote wawili walikuwa na ukinzani wa wastani tu. Mmoja wa uzao wao, Auburn 623 RNR, uliwapita wote wawili. Maelezo yake yalikuja kueleweka baadaye: jeni zinazohusika ziko katika kromosomu ya 11 na ya 14, na hufanya kazi kwa awamu tofauti. Minyoo wachanga huingia mizizini, lakini wengi hushindwa kukua, na wanaokua hutaga mayai machache. Ukinzani huu, basi, haukuwa ukuta wa kuwazuia wasiingie, bali uwezo wa kuwanyima uzazi.

Ugumu wa kitaalamu ulikuwa wa kweli. Auburn 623 RNR haikuwa pamba ya kuuza, hivyo ilibidi ichavushwe tena na tena na aina zenye mavuno na nyuzi bora. Katika kila kizazi mtafiti alilazimika kupanda kwenye udongo wenye minyoo, kung'oa mimea na kukagua mizizi yake. Kazi hiyo ilipungua pale tu alama za kijenetiki zilipopatikana.

Lakini ikumbukwe kwamba katika kipindi hichohicho mkulima mwenye fedha alikuwa na njia fupi: dawa. DBCP ilitumika kuua minyoo ardhini kuanzia miaka ya 1950. Mwaka 1977 ilibainika kwamba wanaume walioitengeneza katika kiwanda kimoja cha California walikuwa wamepoteza uwezo wa kuzaa, na mwaka 1979 matumizi yake karibu yote nchini Marekani yalisimamishwa. Hata hivyo dawa nyingine zilishika nafasi yake. Mbegu ya Shepherd ilikuwa tayari wakati huo. Mwili wa mfanyakazi ndio uliolipa gharama ya kusubiri.

Hitimisho

Historia hii inagusa pia Kanda ya Ziwa ya Tanzania. Katika kituo cha Ukiriguru, D. A. Perry alichapisha mwaka 1962 mbinu ya kupima namna pamba inavyoukabili mnyauko, na mwaka 1963 utafiti kuhusu uhusiano wa mnyauko huo na minyoo fundo. Aliirudia, katika mazingira mengine, hoja ya Atkinson ya miaka 70 nyuma: maadui hawa wawili wasichunguzwe kila mmoja peke yake. Kwa mkulima mdogo asiyemudu kutia dawa shamba zima, ukinzani uliomo ndani ya mbegu, ukisaidiwa na kubadilisha mazao, si mbadala wa dawa, bali ndiyo kinga yenyewe. Kwa hiyo thamani ya mbegu kinzani isipimwe kwa kuilinganisha na bei ya dawa pekee. Kipimo cha namna hiyo ndicho kilichoichelewesha.