Mfereji, Mtaro na Ndiva: Maneno ya Maji Katika Ramani za Kompyuta

Neno mfereji lina maana tatu zisizopatana. Huko Msangeni, katika milima ya Upare Kaskazini, mfereji ni njia iliyochimbwa ubavuni mwa mlima ili kuyafikisha maji shambani. Ni kitu cha heri, na anayeuziba hujibu kwa wazee. Unguja, mfereji ni bomba la kutekea maji. Dar es Salaam, fundi wa manispaa atajapo mfereji aghalabu hukusudia njia ya kuyafukuza maji ya mvua yasiingie majumbani. Kwa muda mrefu tofauti hizo hazikumdhuru mtu, kwani kila mmoja alisema na watu wa kwao. Zilianza kuwa na uzito maneno hayo yalipotiwa katika fomu za kompyuta, na ramani za mji zikachorwa kutokana na fomu hizo.

Makala haya yanajaribu kueleza jinsi tulivyofika hapo. Si historia ya mitambo. Ni historia ya maneno yaliyoifuata mitambo, mara nyingine kwa mwendo wa kinyonga.

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jitihada za kuendeshea hesabu za Serikali kwa mitambo hiyo zilileta fujo na hasara, hata mwaka 1974 uagizaji wa kompyuta kutoka nchi za nje ukapigwa marufuku. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilikuwa wakati huo likianza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Wafasiri wa miaka ile walishughulika na maneno ya ofisi, sheria, kilimo na siasa. Kwa chombo kisichoruhusiwa kuingia nchini hapakuwa na haraka ya istilahi. Marufuku ilipolegea, chombo kiliingia na jina lake la kigeni mkononi. Wataalamu wakaleta tarakilishi, wengine ngamizi. Kenya ikaipokea tarakilishi shuleni, nasi huku tukabaki na kompyuta. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice, na hapo ndipo wengi wetu tulipotambua ni vitu vingapi ndani ya kompyuta vilivyokuwa havina jina.

Neno dijitali halikuingia kwa mlango wa ofisi. Liliingia kwa mlango wa sebule, tarehe 31 Desemba, mwaka 2012, mitambo ya zamani ya televisheni ilipozimwa Dar es Salaam na kila nyumba ikatakiwa iwe na king'amuzi. Na tazama: jina la chombo chenyewe, king'amuzi, linatokana na kitenzi chetu ng'amua, likaenea sokoni bila kulalamikiwa na yeyote. Ningependa wale wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kuitaja teknolojia walijibu neno hilo moja.

Upande wa pili ni maneno ya mazingira. Mkutano wa Stockholm ulifanyika mwaka 1972, na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira likapewa makao Nairobi, katikati ya nchi za Kiswahili. Hapa nchini Baraza la Taifa la Usimamizi wa Mazingira liliundwa kwa sheria ya mwaka 1983. Jina mazingira halikuleta taabu: limetoka katika zinga na zingira, yaani yale yanayotuzunguka, na mwanafunzi hulielewa bila kufafanuliwa.

Endelevu ni jambo jingine. Taarifa ya mwaka 1987 ya tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland iliwapa wafasiri dunia nzima kazi moja: kutaja maendeleo yanayotosheleza haja za leo bila kuwapokonya wajao. Sisi tuna maendeleo endelevu. Kwa sarufi neno hili halina kasoro. Kutoka endelea tunapata endelevu, kama vile kutoka potea tunavyopata potevu, na kutoka tulia, tulivu. Lakini kiambishi hicho huiweka sifa ndani ya kitu chenyewe. Mtu mtulivu hatulizwi. Utulivu ni tabia yake. Je, mji una tabia ya kuendelea? Aliyekulia Msangeni atasita kujibu ndiyo. Ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya kijito usiku ili yafunguliwe mchana kwenda mashambani kwa zamu, haina uendelevu wowote ndani yake. Tope hujaa. Huendelea kwa sababu watu huitwa msaragambo, wakaizoa. Siku msaragambo ukikosa watu, ndiva hugeuka kinamasi.

Tofauti hii ilionekana waziwazi Dar es Salaam. Mnamo Agosti 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi wa Tandale waliichora kata hiyo kwa vipokezi vidogo vya setilaiti, wakaiweka katika OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote aweza kuisoma na kuisahihisha. Desemba ya mwaka huo mvua kubwa iliugharikisha mji. Watu zaidi ya 40 walikufa, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Mji huo ulihesabiwa kuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya mwaka 2012, na 5,383,728 katika ile ya 2022. Sehemu kubwa yao huishi katika makazi yasiyopimwa, ambako ramani za zamani zilionyesha uwazi mtupu.

Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, ulioshirikisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, vyuo vikuu, Msalaba Mwekundu na Benki ya Dunia. Ndege ndogo zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu. Vijana wakapita chini kwa miguu, simu mkononi, wakiandika nyumba, vichochoro na njia za maji. Ndege huona paa na barabara. Haioni kama mtaro umezibwa kwa taka, wala haijui kwamba maji ya mwaka fulani yalipita nyuma ya msikiti. Hayo huyajua mkazi, naye huyasema kwa maneno yake. Ukimwuliza maji yalifika wapi, hakutajii mita. Atakuonyesha goti, au kiuno, au kizingiti cha dirisha.

Hapo ndipo kazi ya istilahi inapoingia, na inapoingia ikiwa imechelewa. Kompyuta haiulizi maana. Fomu ikisema mfereji, kijana mmoja ataandika njia ya majitaka, mwingine ataandika bomba, na wa tatu, mzaliwa wa milimani, ataruka mtaro mkavu kwa kuwa kwake mfereji bila maji si mfereji. Makosa hayo matatu yatapakwa rangi moja katika ramani, na hesabu ya mhandisi itapitisha maji mahali yasipopita. Nyumba itakayofurika itakuwa ya mtu ambaye fomu haikumwelewa.

Kwa maoni yangu neno mtaro litengwe kwa njia ya kuondoa maji mjini, na mfereji libaki kwa njia ya kuyaleta. Watu wa Unguja watanung'unika, na wana haki.

Ndiva nayo ina nafasi. Wahandisi wanaotafakari mabonde ya mijini huhitaji jina la bonde lililochongwa ili lipokee mafuriko kwa saa chache, kisha liyatoe polepole. Wafasiri wameandika bwawa. Lakini mwenye nyumba jirani akisikia bwawa huona mbu na maji yaliyolala, akapinga mradi kabla hajaelezwa. Ndiva hujazwa ili imwagwe. Ni kweli kwamba ya milimani hutunza maji na ya mjini hujikinga nayo, ila istilahi haikopi kila kitu cha kitu chake cha kwanza. King'amuzi hakina akili, nacho kimekubaliwa. Zaidi ya hayo, ndiva huja na msaragambo wake, na hilo ndilo neno endelevu lisilotuambia. Mtaro uliochorwa vizuri katika kompyuta huziba sawasawa na ule usiochorwa. Kipimo kilichofungwa darajani nacho kitakufa, kiwe taka za kielektroniki, na mtu atalazimika kukiondoa.

Maneno ya namna hii hayatasubiri. Kigweno, kisemwacho pande za Msangeni, kinazidi kupoteza wasemaji, vijana wakihamia Chasu na Kiswahili, na majina ya sehemu za ndiva, mlango wake, kizibo chake, ukuta wake, yamo vinywani mwa wazee wachache. Yangeandikwa sasa, yangefaa hata katika fomu za mjini. Kuhusu sarufi, napendekeza ngeli ya N: ndiva hii, ndiva hizi. Mwenye zamu ya kuifungua bado hatujampa jina la Kiswahili.