Kazi kwa vijana, kauli kwa wazee

Jimbo Katoliki la Malindi lilianzishwa Juni 2, 2000, likakabidhiwa Askofu Francis Baldacchino, Mkapuchini wa Malta. Robo karne imepita na askofu wa sasa ni Willybard Lagho, aliyekuwa padre wa Mombasa. Jubilei ni wakati wa kusifu majengo, lakini anayetazama mbali kuliko ukanda wa chumvi wa Gongoni ataona kwamba Kanisa nchini limekorofishana na vyama vyake lenyewe kila lilipowapa watu kazi na kuwanyima kauli.

Ushahidi mzito uko Nyanza. Edel Quinn aliwasili Nairobi mwaka 1936 kueneza Lejio ya Maria, chama cha walei kilichoanzia Dublin. Wanachama walisali, wakatembelea wagonjwa, wakafundisha dini, ila neno la mwisho lilibaki kwa wamisionari. Mwaka 1963 likazuka huko Nyanza kanisa jipya, Legio Maria, likiongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, binti wa miaka kama 20 hivi. Aoko alibatiza umati bila kuwasubirisha katekesi ya miaka, na wenye wake wengi hawakufukuzwa. Wamisionari waliona uasi. Mimi naona watu waliofundishwa kutumika wakaamua kutumika bila ruhusa. Jambo la kuchoma ni kwamba kanisa hilo nalo liliwanyima wanawake upadre, na Aoko akajitenga nalo.

Wapo watakaosema vijana wa leo wasipewe kauli, kwamba kikundi kikiachwa bila mchungaji huzaa maafa ya Shakahola. Hofu hiyo haidharauliki huku kwetu, ambako mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni. Lakini wafuasi hao wa mhubiri Paul Mackenzie hawakuwa vijana wa parokia wanaokutana ukumbini, padre akipita na kusikia. Walijitenga porini, kwa kiongozi asiyeulizwa. Hoja hiyo, ukiipima vizuri, inatetea ukumbi uliofunguliwa.

Na vijana wakisikilizwa, Kanisa halipungukiwi. Juni 2024 waliwataka viongozi wa dini waache kuwapa wanasiasa mimbari na kupokea fedha zao. Novemba 18 mwaka huohuo, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mchango wa Rais William Ruto kwa parokia ya Soweto, zikiwemo Sh600,000 za kwaya na watoto wa Utoto Mtakatifu.

Sheria ya Kanisa nayo haitoi kisingizio. Kanuni ya 305 inaweka vyama vya waamini chini ya uangalizi wa mamlaka ya Kanisa, nayo hunukuliwa upesi. Ya 215, inayowapa waamini haki ya kuunda vyama na kuviongoza, husahaulika. Kanuni ya 537 inadai kila parokia iwe na halmashauri ya fedha, na hakuna mahali inaposema mjumbe wake awe na mvi.