Wa Kwanza Huchekwa

Kuna video moja ya mpira ambayo lazima umeiona. Brazil wamepata frikiki. Refa anapuliza kipenga, na kabla Mbrazil yeyote hajaugusa mpira, jamaa mmoja anachomoka kwenye ukuta na kuubutua mbali kabisa. Anaonyeshwa kadi ya njano. Kila msimu wa Kombe la Dunia video hiyo inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na watu wanacheka. Mimi pia niliicheka, na sikujua hata jamaa anaitwa nani.

Anaitwa Mwepu Ilunga. Alikuwa beki wa TP Mazembe ya Lubumbashi, mji ambao ukifika leo utaomba maji kwa Kiswahili na utapewa. Siku hiyo, tarehe 22 Juni 1974, alikuwa Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, akichezea Zaire, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia.

Nafasi hiyo haikuja bure. Misri ndio walikuwa Waafrika wa kwanza, mwaka 1934 kule Italia. Walicheza mechi moja, wakafungwa 4-2 na Hungary, wakarudi nyumbani. Kisha kimya cha miaka 36. Kwa fainali za 1966, FIFA ilitenga nafasi moja tu ya kugombewa na Afrika, Asia na Oceania. Nchi za Afrika zikasusia. Bara zima likakaa nje, na mgomo huo ukazaa matunda: kuanzia 1970 Afrika ikawa na nafasi yake yenyewe. Morocco walikwenda Mexico wakatoka sare ya 1-1 na Bulgaria, pointi ya kwanza ya Afrika. Miaka minne baadaye ikawa zamu ya Zaire.

Na hawakuwa wabovu, msidanganyike. Machi 1974 walikuwa wamebeba Kombe la Afrika kule Misri, na Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano hayo, rekodi ambayo haijavunjwa. Mobutu aliwatuza. Mechi ya kwanza Ujerumani walifungwa na Scotland 2-0, na walicheza vizuri tu.

Shida ilianza baada ya hapo. Wachezaji walipata habari kwamba pesa walizoahidiwa hawatazipata. Wakataka kugoma, wakabembelezwa, wakaingia uwanjani kukutana na Yugoslavia wakiwa na hasira na bila moyo. Wakapigwa 9-0. Refa akamtoa Ndaye kwa kadi nyekundu kwa kosa ambalo hakulifanya. Aliyelifanya ni Mwepu.

Mwepu alisimulia baadaye kwamba walinzi wa Mobutu walifika wakawaambia: mkifungwa na Brazil mabao manne au zaidi, msirudi nyumbani. Sasa rudia video ukiwa unajua hilo. Mwepu alisema sheria alikuwa anaijua vizuri, na alifanya vile kwa makusudi. Mechi iliisha 3-0. Walirudi nyumbani.

Lakini mtangazaji wa Kiingereza alikuwa ameshaiita tendo la ujinga wa Kiafrika, na neno hilo ndilo lililosafiri.

Miaka minne baadaye Tunisia waliifunga Mexico 3-1, ushindi wa kwanza wa Afrika. Mwaka 1986 Morocco waliongoza kundi lililokuwa na Uingereza, Poland na Ureno. Mwaka 1990 Cameroon wakafika robo fainali, na 2022 Morocco tena wakafika nusu fainali. Hao wote tunawaimba. Mwepu alifariki 2015, na hadi leo video ni ile ile.

Hii habari inanigusa kwa sababu yangu. Mimi ndiye wa kwanza kwetu kuingia chuo kikuu. Ilifanywa harambee, mbuzi wakauzwa, mjomba akatoa hotuba ndefu. Mwaka wa tatu karo ikakwama nikarudi nyumbani na begi lile lile. Kule kijijini watu wakinitaja, wanataja siku niliyorudi. Hakuna anayeuliza ilikuwaje nikafika huko.

Mwaka jana dada yangu mdogo alimaliza kidato cha nne. Tulikaa usiku kucha tukijaza fomu za KUCCPS kwenye simu yangu. Nilijua kozi zipi zina ushindani, nilijua aombe mkopo mapema na ni karatasi gani hukataliwa. Mimi sikuwa na wa kuniambia hayo. Sasa yuko mwaka wa kwanza.

Juzi mtu aliposti tena ile video kwenye grupu letu. Niliandika jina tu: Mwepu Ilunga, 1974, Zaire. Mmoja akaniuliza, kwani unamjua?

Nikamwambia namjua.