Mapaa Yaliyouokoa Mtaa

Mgeni anayeingia Chinatown ya San Francisco kwa miguu hupita kwenye lango la mtaa wa Bush, lenye vigae vya kijani na simba wa mawe, akadhani amefika mahali pa kale sana. Lango hilo ni la mwaka 1970. Mbele yake barabara ya Grant inapanda kilima kati ya maduka ya miavuli, vikombe na fulana, na wageni wengi huishia hapo kupiga picha. Ni hasara kubwa, kwa sababu makutano ya Grant na California hayako mbali, na hapo ndipo historia ya mtaa huu inapoonekana kwa macho.

Kwenye kona moja limesimama kanisa la Old St. Mary's, la mwaka 1854. Ng'ambo yake kuna majengo mawili, Sing Chong na Sing Fat, yenye mapaa yaliyopinda ncha na minara kama ya pagoda. Ukiyatazama kwa jicho la fundi, utaona kwamba kuanzia chini hadi karibu na paa ni majengo ya matofali ya kawaida ya San Francisco. Uchina wao umekaa juu, kwenye vigae, roshani na rangi. Waliyabuni Wazungu wawili, msanifu T. Paterson Ross na mhandisi A. W. Burgren, na waliowapa kazi ni wafanyabiashara wa Kichina waliojua vizuri wanachokitafuta.

Walikuwa wakitafuta kubaki.

Wachina walianza kumiminika California baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1848, wengi wao kutoka jimbo la Guangdong. Maelfu walipasua milima ya Sierra Nevada wakitandika reli iliyokamilika mwaka 1869. Kazi zilipoadimika, chuki iliwageukia, na mwaka 1882 Marekani ikapitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Chinatown ikawa kimbilio lao, na papo hapo ikawa kizuizi, kwa kuwa kwingine jijini hawakukaribishwa.

Alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko lilipiga, kisha moto ukauteketeza mtaa mzima. Majivu hayajapoa, wakubwa wa jiji wakaanza kupanga kuwahamishia Wachina Hunters Point, pembezoni kabisa. Serikali ya China ilipinga kupitia wanadiplomasia wake. Wafanyabiashara nao wakakumbusha kwamba biashara yao na China, pamoja na ushuru wake, inaweza kuhamia bandari nyingine. Wenye viwanja, ambao wengi walikuwa Wazungu, hawakutaka kupoteza kodi za nyumba. Hapo ndipo mfanyabiashara Look Tin Eli aliposhika bendera ya kuujenga upya mtaa kwa sura ambayo watalii wangeipenda na jiji lingeona aibu kuibomoa. Mapambo yale, ambayo wapo wanaoyabeza kuwa ya kitalii, yalikuwa ngao, na yanastahili heshima hiyo.

Moto huo ulifanya jambo jingine pia: uliunguza kumbukumbu za vizazi za jiji. Wanaume wengi wakadai kuwa wamezaliwa San Francisco, na hivyo kuwa raia wanaoweza kuwaleta watoto wao, wa damu na wa makaratasi tu. Serikali ikajibu kwa maswali. Kuanzia mwaka 1910 hadi 1940, katika kituo cha uhamiaji cha kisiwa cha Angel Island, kijana aliyeteremka melini aliulizwa nyumba yao kijijini ina madirisha mangapi na jirani yao ni nani. Jibu likipishana na la baba yake, alihatarisha safari nzima. Kuta za mabweni ya kituo hicho bado zina mashairi yaliyochongwa na waliokuwa wakisubiri.

Kurudi mjini, mtaa wa Washington una kijengo chenye mapaa matatu yaliyopandana, ambacho leo ni benki. Kilijengwa mwaka 1909 kuwa kituo cha simu. Wateja waliona si adabu kumwita mtu kwa namba, basi walitaja jina tu, na wahudumu wa kike waliyakariri majina yote, makazi na kazi za watu, ili wasichanganye wenye majina yanayofanana. Ilikuwa hivyo hadi simu za kujipigia zilipoingia mwaka 1949.

Mwenye muda mchache afadhali aipunguze Grant, apite uchochoro wa Ross hadi barabara ya Stockton. Huko hakuna fulana za kumbukumbu. Kuna samaki hai kwenye matangi, bata wa kuchoma wanaoning'inia madirishani, na akina bibi wanaochagua mboga jani moja moja huku wakibishana bei kwa Kikantoni.